Kupima Maombi ya Fedha za Kuhifadhi Majengo na Huduma za Mji Mkongwe

(Maelezo kamili ya mazungumzo kwa wajumbe wa kamati, watumishi wa Serikali na wakaazi wa Mji Mkongwe)



Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuweka mbele ya wajumbe na wananchi jambo lililo dogo kwa jina na zito kwa matokeo: namna ya kupima maombi ya fedha yanayoletwa kwa ajili ya kuhifadhi majengo na huduma za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Maombi huwa mengi na fedha huwa chache. Kwa hivyo kila ombi linalokubaliwa huwa limelizuia jengine, na mjumbe anaponyanyua mkono kukubali, kwa mkono huo huo huwa amekataa. Ni wajibu basi kukataa huko kuwe na sababu inayoweza kusomwa hadharani bila ya kuona haya.

1. MALI INAYOHIFADHIWA

Eneo la Mji Mkongwe lililomo katika orodha ya urithi wa dunia lina ukubwa wa hekta 96, na pembezoni mwake limewekewa eneo la kinga la hekta zipatazo 85. Uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa ulikuta sehemu kubwa ya majengo ikiwa katika hali ya kuharibika. Kutokana na hali hiyo, mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ilipitishwa sheria ya hifadhi, na mpango mkuu wa hifadhi ukatayarishwa kwa ushirikiano na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2010 ikatungwa sheria mpya iliyoipa Mamlaka nguvu zaidi.

Inafaa ikumbukwe kwamba kilichoorodheshwa si kasri mbili tatu za ufukweni. Ni mji mzima: nyumba za ghorofa zenye roshani, milango ya nakshi, baraza za mawe ambazo watu hukaa jioni, misikiti, makanisa na mahekalu, vichochoro vyembamba vinavyotupa kivuli mchana kutwa, na zaidi ya yote watu wanaoishi humo. Kasri iliyozungukwa na magofu haiwi mji. Kamati inayopima maombi haina budi kuanza na fahamu hiyo, kwani humo ndimo mizani yote inamotoka.

2. NAMNA JENGO LINAVYOKUFA

Majengo ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo. Sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti hizo hupangwa mawe na kushindiliwa chokaa. Kwa kuwa boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, upana wa chumba kwa kawaida haupiti mita tatu hivi. Hiyo ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi huwa virefu na vyembamba.

Jengo la namna hii halifi kwa uzee. Huuawa na maji. Mvua za masika na za vuli hupata upenyo mdogo kwenye paa au kwenye mfereji ulioziba. Maji huteremka ndani ya ukuta mpaka kwenye kichwa cha boriti, pale boriti ilipoingia ukutani, mahali ambapo jicho halioni. Boriti huoza, mchwa humalizia, na sakafu hushuka. Sakafu ikishashuka, ukuta uliokuwa umeshikwa nayo hubaki peke yake, mrefu na mzito, ukianza kuinama kuelekea njiani. Kuanzia hapo kinachosubiriwa ni siku tu.

Madhara ya pili hutokana na nia njema isiyo na elimu. Mwenye nyumba akiona ukuta unamomonyoka huita fundi apige plasta ya saruji. Chokaa huacha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani. Ukuta huonekana mpya kwa misimu michache, na nyuma ya upya huo mawe yanalegea. Fedha zimetumika, na jengo limezidi kudhoofika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Mji Mkongwe msemo huo ni kanuni ya ujenzi kwa maana yake halisi.

3. FUNZO LA BEIT AL-AJAIB

Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883. Ilinusurika na mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896, ikatumika kuwa makao ya ofisi za Serikali kwa miaka mingi, na baadaye ikawa makumbusho ya taifa. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya ukarabati kwa ufadhili wa Oman ikiendelea, mnara wa saa na sehemu kubwa ya upande wa mbele viliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Haikuwa nyumba iliyosahauliwa. Ni miongoni mwa majengo ya Zanzibar yanayojulikana zaidi, na mfadhili alikuwa amekwishapatikana. Hata hivyo kati ya mporomoko wa kwanza na wa pili ilipita miaka minane. Mazungumzo haya hayakusudii kumtafuta mwenye kosa. Yanakusudia kutoa mafunzo mawili kwa kila kamati. La kwanza ni kwamba umaarufu wa jengo hauliwekei nguzo. La pili ni kwamba muda una gharama yake, nao hautajwi katika hesabu ya ombi lolote. Ombi la kuegemeza ukuta kwa magogo, likicheleweshwa misimu miwili, hurudi mezani likiwa ombi la kujenga upya; na pengine halirudi, kwa sababu kilichobaki ni kifusi.

Upo na mfano wa upande wa pili. Jengo linalojulikana kwa jina la Dispensari ya Ithnasheri, lililowekewa jiwe la msingi na Sir Tharia Topan mwaka 1887, lilifikia hali mbaya sana katika miaka iliyofuatia Mapinduzi ya 1964. Katika miaka ya 1990 lilifanyiwa ukarabati na Mfuko wa Aga Khan, na likapatiwa matumizi mapya. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa kuanzia mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Mfuko wa Dunia wa Kumbukumbu. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2016, ikaambatana na maonyesho ya historia ya utumwa. Majengo yote mawili yana jambo moja: lipo linalofanyika ndani yake kila siku. Jengo lenye watu huvuja leo na kuzibwa kesho, kwa sababu yupo anayelowa.

4. MAMBO MATANO YA KUPIMA

Kutokana na maelezo hayo, inapendekezwa kila ombi lipimwe kwa mambo matano, kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, hatari. Je, jengo likiachwa mpaka msimu ujao wa mvua, litamuumiza nani? Swali hili litangulie mengine yote. Uzuri wa nakshi na ukubwa wa jina visubiri nyuma yake.

Pili, faida ya umma. Je, wanaonufaika ni wangapi, nao ni nani? Mfereji unaopitisha maji ya kichochoro kizima una haki ya kusikilizwa sawa na mlango wa mtu mmoja, hata kama mlango ni wa karne iliyopita.

Tatu, umiliki. Nyumba za Mji Mkongwe ziko katika mikono mbalimbali: zipo za Serikali, zipo za wakfu, zipo za watu binafsi, na zipo za warithi walio wengi na waliotawanyika. Ombi lisiloonyesha ni nani mwenye jengo na ni nani atakayejibu baada ya kazi kumalizika, lirudishwe likamilishwe. Kurudishwa si kukataliwa, na mwombaji aelezwe tofauti hiyo kwa maandishi.

Nne, njia ya kazi. Ombi lieleze vifaa na mafundi. Chokaa ipewe muda wake wa kukaa majini kabla ya kutumika. Boriti zitoke katika chanzo kilichoruhusiwa, kwani haifai kuhifadhi mji kwa kuangamiza mikoko. Penye haja ya saruji au chuma, sababu itolewe na mtaalamu, isiwe urahisi wa kupatikana dukani.

Tano, matunzo. Ombi liseme ni nani atakayepanda kwenye paa kabla ya kila masika kusafisha mfereji, na fedha ya kazi hiyo itatoka wapi. Ukarabati usio na matunzo ni mkopo unaolipwa na kizazi kijacho.

Ichukuliwe mfano wa maombi matatu yaliyofika siku moja, huku fedha zikitosha mawili tu. La kwanza linatoka kwa mwenye nyumba ya wageni, anayeomba kusaidiwa kusafisha na kutengeneza mlango wa nakshi. Limeandikwa vizuri, lina picha na michoro. La pili linatoka kwa wakaazi wa kichochoro ambacho maji hujaa mpaka kwenye misingi ya nyumba. Limeandikwa kwa mkono, lina saini kumi na mbili. La tatu ni la nyumba ya wakfu yenye familia nne za wapangaji, paa linavuja na sakafu ya ghorofa ya juu imeanza kushuka. Halikuandikwa na mtu. Sheha ndiye aliyeleta habari.

Kwa mizani iliyotajwa, nyumba ya wapangaji inatangulia kwa sababu ya hatari, na mfereji unafuata kwa sababu unazilinda nyumba nyingi. Mlango utasubiri, mti wake umesubiri miaka mingi, na mwenyewe ana biashara inayoweza kuuhudumia. Lakini kamati isiyokuwa na mizani ingeweza kwa urahisi kuukubali mlango kwanza, kwa kuwa karatasi zake zilikuwa safi. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya kazi hii: ombi zuri huweza kulishinda hitaji kubwa. Kwa ajili hiyo, si haki kumsubiri mnyonge aandike. Maofisa wa ufundi na Masheha wapewe uwezo wa kuwasilisha ombi kwa niaba ya wasioweza, na fomu ziwe za Kiswahili chepesi kinachoeleweka na kila mkaazi.

5. HUDUMA ZA MTAA

Imezoeleka kudhani kwamba hifadhi ni majengo tu. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na kila anayepita hapo jioni huona namna watoto, wachuuzi wa vyakula, wageni na wazee wanavyoutumia ufukwe mmoja. Ukuta wa bahari wa Mizingani ulijengwa upya chini ya mradi wa huduma za miji uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kazi za namna hii hazina nakshi, lakini bila ya ukuta wa bahari, barabara na majengo ya mbele hayana usalama.

Taa za vichochoro, mifereji, vyoo vya umma, mahali pa kutupia taka na viwanja vya watoto ni sehemu ya hifadhi. Mkaazi akikosa huduma hizo huhama, na nyumba aliyoiacha hugeuka kuwa duka la vinyago au chumba cha wageni. Mji huweza kupotea huku kuta zake zote zikiwa zimesimama. Kwa sababu hiyo inashauriwa sehemu maalum ya fedha za kila mwaka itengwe kwa huduma za mtaa, ili zisilazimike kushindana na majengo makubwa.

6. MFANO WA MASSACHUSETTS

Wazee wa Zanzibar wanaijua kwa jina nguo iliyoitwa merikani. Nguo hiyo ililetwa na wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, baada ya Sayyid Said bin Sultan kutia saini mkataba wa biashara na nchi hiyo mwaka 1833. Konsuli wa kwanza wa Marekani aliyefika hapa mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Jimbo hilo hilo leo lina utaratibu unaofaa kutazamwa.

Mwaka 2000 Massachusetts ilitunga sheria ya hifadhi ya jamii. Mji wowote unaoikubali sheria hiyo kwa kura ya wananchi hutoza nyongeza isiyozidi asilimia 3 juu ya kodi ya majengo na ardhi, na jimbo huongeza fedha zake. Visiwa vya Nantucket na Martha's Vineyard ni miongoni mwa mahali palipoikubali, na Salem yenyewe iliikubali mwaka 2012. Kila mji huunda kamati ya wajumbe wasiopungua watano wala kuzidi tisa, nayo hupokea maombi na kuyapitia. Angalau asilimia 10 ya mapato ya kila mwaka hutumika au hutengwa kwa majengo ya historia, asilimia 10 nyengine kwa ardhi ya wazi na viwanja, na asilimia 10 nyengine kwa nyumba za wananchi wa kipato kidogo. Kamati hupendekeza tu. Chombo cha kutunga maamuzi cha mji huweza kukubali, kupunguza au kukataa, lakini hakiwezi kuzidisha kuliko kilichopendekezwa.

Yapo ya kuigwa katika utaratibu huo. Kuweka fungu la chini kwa kila haja huzuia sauti moja kuzimeza nyengine. Kuiunganisha hifadhi ya majengo na makaazi ya wanyonge ni busara inayokwenda sambamba na hali ya Mji Mkongwe. Kutenganisha anayependekeza na anayeamua huziba mianya ya upendeleo.

Lipo pia lisilofaa kuigwa. Sheria ya huko hairuhusu fedha hizo kutumika kwa matunzo ya kawaida. Kwa mji wenye hali ya hewa na namna ya ujenzi kama huu, kizuizi hicho kingekuwa kosa kubwa. Fedha ndogo ya kuziba paa mwezi wa Februari ina thamani kuliko fedha nyingi ya kuinua ukuta mwezi wa Juni. Hapa matunzo yawekewe fungu lake, na liwe la kwanza kujazwa.

7. WAPANGAJI, WAKFU NA KODI

Jambo gumu kuliko yote halina budi kutajwa wazi. Baada ya mwaka 1964 nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa Serikali na kupangishwa kwa kodi ndogo. Huruma ya kodi hiyo iliwapa makaazi watu wasiokuwa nayo, lakini kodi ndogo haikutosha kununua hata chokaa. Nyumba za wakfu nazo zilipatwa na hali kama hiyo, ingawa waliozitoa walikusudia zidumu.

Fedha za hifadhi zinapoingia katika nyumba ya namna hii, nyumba hupanda thamani, na mpangaji wa miaka thelathini huweza kujikuta nje kwa sababu ya uzuri alioungojea. Kwa hivyo inapendekezwa kila ruzuku inayotolewa kwa nyumba yenye wapangaji iambatane na mkataba: wapangaji wahamishwe kwa muda tu iwapo kazi inalazimisha, warudi kazi ikiisha, na kodi isipandishwe kwa kipindi kitakachotajwa. Asiyekubali mkataba huo ana haki ya kutengeneza nyumba yake kwa fedha zake mwenyewe, kwa kufuata sheria.

8. UWAZI

Orodha ya maombi yote, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, pamoja na kiasi kilichoombwa na sababu ya uamuzi, ibandikwe katika ofisi za Masheha na katika mbao za matangazo. Mjumbe mwenye jamaa, mshirika au jengo linalohusika atoke nje wakati wa kujadiliwa, na kutoka kwake kuandikwe. Fedha zitolewe kwa awamu, na awamu ya pili isitolewe kabla ya fundi mkaguzi kuona kwa macho yake kilichofanywa kwa ile ya kwanza. Mwananchi anayeona kazi mbovu awe na pahala pa kupeleka habari, na jibu alipate ndani ya muda uliowekwa.

HITIMISHO

Ndugu Wajumbe, mji huu ulijengwa na mikono ya watu wengi: mafundi wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kihindi, wachoma chokaa wa mashamba, wakata boriti wa mikokoni, na watumwa ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hakuna kamati itakayoweza kuhifadhi kila jiwe. Kinachowezekana ni kuhakikisha kwamba hakuna ukuta utakaomwangukia mtu ilhali habari zake zilikuwa zimelala ndani ya jalada.

Masika huja kila mwaka kwa wakati wake. Maofisa wa ufundi na Masheha wanaombwa kukamilisha ukaguzi wa mapaa na mifereji ya shehia zao kabla ya mwisho wa mwezi wa Februari, na wakaazi wanaombwa kuwafungulia milango.